CV ya dereva wa semi ambaye hajawahi kupewa mkataba: niandike nini?

Mbalizi_Road

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo, hasa kwa mlioko kwenye ofisi za usafirishaji na madereva mlioajiriwa kwenye kampuni zenye utaratibu.

Niko Mbalizi, Mbeya. Nilimaliza darasa la saba 2005, mwaka 2009 nikaanza utingo kwenye Fuso la tajiri mmoja wa viazi pale Uyole. Usukani nilijifunzia humohumo, baadaye nikaenda VETA nikapata cheti, na leseni yangu leo ina daraja D na E. Fuso nimeliendesha kuanzia 2013 hadi 2018, viazi na mchele kwenda Dar, kurudi na mzigo wa maduka. Hapo nikapata tajiri mwingine, wa Tunduma, mwenye Scania mbili. Akanikabidhi moja, semi, yaani kichwa kinachovuta tela, nikawa navuka nayo Zambia mpaka 2022 alipouza magari yote mawili akahamia kwenye mashine za kukoboa mpunga. Tangu hapo ni deiwaka tu. Dereva wa mtu akiumwa au akipata msiba napigiwa simu, napeleka gari, narudisha, nalipwa, tunaachana.

Sasa kuna kampuni Dar imetangaza nafasi za madereva wa njia ya Congo. Wanataka barua ya maombi, CV, nakala ya leseni na wadhamini watatu. Nikaenda stesheneri, kijana akanichapia kurasa tatu. Zinasema mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa, napenda mpira na kusoma vitabu. Nimezisoma zote na sijaona mahali zinaposema kwamba nimevuta tela.

Maswali yangu ni haya. Sina mkataba hata mmoja wala hati ya mshahara, matajiri wote tulikubaliana kwa mdomo. Nitaonyeshaje kwamba kazi niliifanya? Hii miaka ya udeiwaka niiandike au niiruke? Halafu 2020 pale Igawa, Noah iliingia nyuma ya tela langu nikiwa nimepaki kando ya barabara na pembe tatu nimeweka. Trafiki walikuja wakapima, sikuwa na kosa. Je, hilo linaingia kwenye CV? Na mwisho, niandike Kiswahili au Kiingereza?

Kitonga_Usiku

Mkuu, nakupa ninachokijua. Kazi za malori watu wanapata kwa kujuana. Mimi nimeingia kwenye kampuni niliyopo kwa sababu shemeji yangu anafunga matairi pale yadi. CV nimekuja kuiandika nikiwa tayari nimeshakabidhiwa gari. Tafuta mtu wa ndani akushike mkono, hizo karatasi hazisomwi na mtu.

Mama_Kurasini

Kaka Mbalizi, zinasomwa. Nazisoma mimi.

Niko ofisi ya safari kwenye kampuni moja huku Kurasini. Kazi yangu ya kila siku ni kutoa oda za safari na kuyafuatilia magari kwenye skrini, lakini nafasi za madereva zikitangazwa, bahasha zote hupita mezani kwangu kabla hazijamfikia meneja wa usafirishaji. Kitonga_Usiku hajakosea kuhusu kujuana. Mtu wa ndani anaweza kuileta bahasha yako mpaka mezani. Ila ikishafika pale, meneja anataka karatasi, kwa sababu bima wanauliza nani anaendesha gari, na wateja wakubwa kama migodi huomba mafaili ya madereva kabla hawajatoa mzigo. Shemeji hawezi kuwekwa kwenye faili.

Nikwambie macho yangu yanavyokwenda. Kwanza leseni: daraja E lipo, na inaisha lini. Pili, huyu mtu amevuta tela au ameishia kwenye Fuso na tipa? Tatu, amevuka mpaka upi. Nne, nani nimpigie simu leo hii anithibitishie. Nisipoyaona hayo kwenye ukurasa wa kwanza, bahasha inakwenda kwenye rundo la pili. Naumia ninapofanya hivyo, maana najua kwenye rundo lile kuna madereva wazuri kuliko baadhi ya niliowapitisha. Lakini gari limesimama yadi, mzigo uko bandarini, na meneja anataka majina kabla ya saa sita mchana.

Hiyo "mchapakazi, mwaminifu, bila kusimamiwa" naijua kwa moyo. Kwenye rundo moja naweza kuikuta kwa watu ishirini, maneno yaleyale, mpaka kosa la herufi lilelile, kwa sababu wote wamechapiwa dirisha moja. Dereva aliyeshuka na mzigo mteremko wa Kitonga miaka kumi salama anafanana na mtu aliyepata leseni juzi. Hilo ndilo linaloniudhi. Watu wenye kazi mikononi wanafichwa na sentensi za stesheneri.

Kwa hiyo futa zile kurasa tatu. Chukua karatasi tupu, na kwa kila kazi uliyofanya andika gari gani, tela gani, mzigo gani, kutoka wapi kwenda wapi, mwaka gani mpaka gani, na jina la mwenye gari. Basi. Tela uitaje kwa aina yake, maana kila moja ina ujuzi wake. Wa flati, lile tela la wazi, nategemea anajua kufunga turubai na kukaza mikanda. Wa kontena anajua kuhakikisha zile kufuli za kona nne zimeshika kabla ya kutoka getini. Wa tanki anajua mafuta yanatembea ndani ukipiga breki au ukikata kona, na huko tunadai pia mafunzo ya kubeba mizigo ya hatari. Nikiona umeandika "semi" peke yake, inabidi nikisie.

Sasa nikuulize mambo mawili kabla sijaendelea. Zambia ulikuwa unapeleka nini na kurudi na nini? Na pasipoti uliyokuwa unavukia, bado unayo?

Mbalizi_Road

Dada, nashukuru sana. Kwenda ilikuwa mbolea kutoka bandarini, tunashusha Kapiri Mposhi au Lusaka. Kurudi shaba, tunapakia Kitwe au Ndola, inakuja bandarini Dar. Tela ni flati, ekseli tatu. Pasipoti ninayo, imejaa mihuri mpaka nikaomba nyingine.

Mama_Kurasini

Umebeba shaba kwa miaka minne na hukuitaja popote?

Kaka, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho meneja yeyote wa njia hiyo angependa kukijua. Shaba ni mzigo wa thamani kubwa sana. Magari ya shaba huviziwa njiani, ndiyo maana mengine hutembea kwa msafara na walinzi. Mwenye gari hampi shaba mtu asiyemwamini, na mwenye mzigo hakubali gari kama dereva ana maneno mabaya nyuma yake. Kama ulikuwa unapakia Kitwe na vipande vinahesabiwa bandarini vikiwa kamili, miaka minne, hiyo ndiyo "mwaminifu" yenye ushahidi. Iandike hivyohivyo: shaba, Kitwe na Ndola hadi bandari ya Dar es Salaam, mzigo umefika kamili. Neno mwaminifu lenyewe huhitaji kulitumia tena.

Na hiyo pasipoti iliyojaa ndiyo mkataba wako. Kila muhuri wa Tunduma na wa Nakonde, upande wa Zambia, una tarehe. Toa nakala ya kurasa zenye mihuri, uziambatanishe nyuma ya CV. Tajiri anaweza kubisha, mashahidi wanaweza kusahau, muhuri wa uhamiaji unabaki. Mimi nikiona CV inasema 2018 hadi 2022 njia ya Zambia, na mihuri inaanza 2018 inaishia 2022, sina tena swali la mkataba. Ongeza na chochote kingine chenye jina lako: nakala ya hati ya kukabidhi mzigo uliyosaini, karatasi ya mizani, ujumbe wa simu wa posho ya safari. Chagua vichache vinavyosomeka, usinitumie gunia.

Halafu nenda Tunduma kwa yule tajiri. Usimwombe akuandikie barua, ataahidi na itaishia hapo, kwa sababu hajui barua ya namna hiyo inaanzaje. Nenda nayo umeshaiandika wewe, aya moja: nilimwajiri fulani kuanzia mwezi huu mwaka huu mpaka mwezi ule, aliendesha gari aina hii, njia hii, mzigo huu, tuliachana kwa sababu niliuza magari. Asome, kama kuna jambo halikubali mrekebishe palepale, asaini, aandike namba yake ya simu. Kama ana muhuri wa biashara agonge. Hapo una barua, na una mdhamini wa kwanza.

Mdhamini wa pili asiwe mchungaji wala mwenyekiti wa mtaa. Hao tunawaheshimu na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa utaihitaji kwenye faili, lakini hawajawahi kukuona ukiwa barabarani. Niwekee wakala wa forodha wa Tunduma aliyekuwa anakuandalia nyaraka. Yule anajua kama ulikuwa unafika na karatasi zako zote, kama lakiri ya TRA ilikuwa nzima, kama ulikuwa unapatikana kwenye simu foleni ikisogea. Wa tatu awe mwenye gari aliyekuita udeiwaka zaidi ya mara moja.

Na hapo nimeshakujibu swali la udeiwaka. Iandike, usiione aibu. Ukiiruka naona pengo tangu 2022 na naanza kuwaza: alilala ndani? alifungiwa leseni? Andika "Dereva wa muda, 2022 hadi sasa", taja njia na aina za magari, na taja wenye magari waliokuita tena. Mtu anayekukabidhi gari lake mara ya pili ameshatoa ushahidi wake.

Ajali ya Igawa usiiweke kwenye CV. Si mahali pake. Lakini kampuni nyingi zina fomu yao ya kujaza, na fomu ina swali hilo. Hapo jibu ukweli wote, mwaka, mahali, nani aligonga nani, na uwe na nakala ya ripoti ya trafiki mfukoni. Anayejibu "hapana" halafu tukaja kusikia kwa watu wa njiani, huyo hatumchukui hata kama kosa halikuwa lake.

Andika rasimu uilete hapa, tuione.

Mwana_Changamwe

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni yaleyale, majina ndiyo yanabadilika. Leseni inayotakikana kwa lori lenye trela ni CE, na mwajiri atakudai cheti cha tabia njema cha DCI, yaani polisi wa upelelezi, tena kisiwe cha zamani. Njia zetu ni Mariakani, Mlolongo, Gilgil, mpaka Malaba au Busia, kisha Kampala, na wengine huendelea Kigali au Juba. Ndugu wa Mbeya akitaka kuomba huku, aandike mizani alizozoea, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria moja ya uzito, ile ya mwaka 2016, na ekseli za Vigwaza zinapimwa kama za Mariakani.

Jambo moja namsihi. Kuna watu wanakusanya CV za madereva na nakala za pasipoti mitandaoni wakiahidi kazi za Qatar na Dubai, wanadai pesa ya kufungua faili. Kampuni ya kweli haikudai pesa kukusomea CV. Usitume nakala ya pasipoti kwa namba ya WhatsApp usiyojua ofisi yake iko wapi.

Mbalizi_Road

Asante kaka wa Mombasa, hilo nimelishika, kuna mmoja alishanitumia ujumbe wa namna hiyo.

Dada, nimeandika kwa mkono kwanza kama ulivyosema, hii hapa sehemu ya kazi:

*2022 hadi sasa: Dereva wa muda wa magari mbalimbali.*
*2018–2022: Dereva wa semi Scania, njia ya Dar – Zambia. Majukumu: kuendesha gari, kutunza gari, kufikisha mzigo kwa wakati.*
*2013–2018: Dereva wa Fuso. Majukumu: kuendesha gari, kutunza gari, kufikisha mzigo kwa wakati.*
*2009–2013: Utingo.*

Na kitu kingine, sijui kama kina maana. Tangu nianze semi nina daftari. Kila nikiweka mafuta naandika tarehe, kilomita za kwenye dashibodi, lita, na nimebeba nini. Tajiri wa Tunduma hakuniagiza, nilianza mwenyewe kwa sababu kila tukirudi alikuwa analalamika mafuta, nikaona niwe na jibu.

Mama_Kurasini

Daftari hilo lina maana kubwa, na nitalirudia.

Kwanza mstari wa 2018. Umeandika majukumu. Kila dereva duniani jukumu lake ni kuendesha, kutunza na kufikisha. Ukiyatoa maneno hayo, CV inabaki na "semi Scania, Dar – Zambia", na ndiyo maana mstari wa Fuso umetoka sawasawa na wa semi wakati ni kazi mbili tofauti kabisa. Jaribu hivi:

*2018–2022. Dereva wa Scania, kichwa cha ekseli 3 na tela la flati la ekseli 3. Mwenye gari: mfanyabiashara wa Tunduma (barua imeambatanishwa). Kwenda: mbolea, bandari ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi na Lusaka. Kurudi: shaba, Kitwe na Ndola hadi bandari ya Dar es Salaam, mizigo yote ilipokelewa kamili. Mpaka: Tunduma/Nakonde. Niliondoka baada ya magari kuuzwa.*

Soma tena uone kila neno linanifanyia kazi gani. "Ekseli 3 na ekseli 3" inaniambia hesabu ya mizani unaijua: tani 8 mbele, 18 kwa zile mbili za kichwa, 24 kwa tatu za tela. Dereva anayejua hivyo akipakiwa vibaya bandarini anagoma kutoka mpaka mzigo usogezwe. Asiyejua anaenda kushikwa Vigwaza, gari linalala pale, faini inakuja kwangu. Kama umewahi kugundua kosa la upakiaji kabla ya mizani, ongeza sentensi moja. "Niliondoka baada ya magari kuuzwa" inafunga swali ambalo kila meneja analo kichwani, na ambalo wengi hawalijibu: kwa nini uliacha?

Kwa Fuso vivyo hivyo, lakini mistari miwili inatosha. Viazi vina jambo lake, vinaoza, na Uyole mpaka soko la Dar ni safari ambayo ukichelewa siku moja tajiri anapata hasara. Liseme hilo kwa kifupi. Utingo mstari mmoja, ila usiufute. Mimi napenda dereva aliyepitia utingo, amebadilisha matairi usiku na amekaza mikanda kwa mikono yake.

Sasa daftari. Gharama kubwa kuliko zote kwenye safari ni dizeli, kuliko posho, kuliko matairi. Semi lenye mzigo mzito linakwenda kilomita mbili na kidogo kwa lita moja, kwa hiyo safari ya Zambia kwenda na kurudi ni mapipa kwa mapipa, na wizi wa mafuta ndio ugonjwa unaozisumbua ofisi zetu zote. Dereva anayejiwekea hesabu mwenyewe bila kuagizwa ni adimu sana. Weka mstari wake peke yake: "Naweka kumbukumbu za mafuta kwa kila safari tangu 2018: tarehe, kilomita, lita na aina ya mzigo. Nakala ya kurasa mbili imeambatanishwa." Chagua kurasa mbili safi, moja ya kwenda na moja ya kurudi, utoe nakala. Siku ya usaili beba daftari lenyewe. Ningekuwa na bahasha hiyo mezani leo, ningenyanyuka nayo mpaka kwa meneja, nisingesubiri rundo lijae.

Juu kabisa ya ukurasa, chini ya jina na simu, weka mambo ya kuvuka yakiwa pamoja: leseni daraja D na E na tarehe ya kuisha, cheti cha VETA na mwaka wake, pasipoti na tarehe ya kuisha, kadi ya homa ya manjano, na namba ya NIDA. Njia ya Congo hata kadi ya homa ya manjano peke yake inaweza kukuangusha, maana mwenye gari akikuchukua leo anataka upakie wiki hii. Ukipata nafasi ya kozi ya magari makubwa pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, iongeze baadaye, lakini usisubiri kwa ajili yake.

Na usiandike kwamba njia ya Congo unaijua kama hujavuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo. Andika umefika Kitwe na Ndola. Yeyote mwenye ramani kichwani anajua kwamba kutoka hapo mpaka Kasumbalesa si mbali, na ataona kilichobaki ni kujifunza mpaka mmoja.

Babu_Sekenke

Wanangu, nimesoma yote, na huyu mama anasema kweli. Mimi nimestaafu usukani, sasa nawapima madereva wapya kwenye yadi moja huku Singida. Naongeza la upande wangu.

Ile karatasi mimi napewa siku ya majaribio, naishika mkononi wakati kijana anazunguka gari. Ameandika ameshusha Kitonga? Namuuliza: ukifika juu pale unafanya nini kabla ya kuanza kushuka? Anayejua anajibu kwamba anapunguza mwendo na kuingiza gia nzito akiwa bado juu, anaacha injini imzuie, na mguu anaugusa kwa kudonoa. Aliyeandika kwa kunakili anasema "natumia breki". Huyo breki zitamshika moto kabla hajafika chini. Ameandika amevuta tela? Namwambia aunganishe. Natazama kama baada ya kuingia anashuka kukagua kwa macho kwamba pini imefungwa, kama analivuta tela kidogo breki zake zikiwa zimeshika kuona haliachii, kama anaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, na kama miguu ya tela ameipandisha mpaka mwisho. Kisha arudi nyuma na tela kwenye nafasi. Wengi karatasi zao zinaishia hapo kwenye kurudi nyuma.

Kwa hiyo mwanangu wa Mbalizi, kila ulichoandika jiulize ukiulizwa utakionyesha vipi. Kama umeendesha gari la gia za mkono tu, liseme hivyo. Kampuni nyingi sasa zina magari ya gia za otomatiki, watakufundisha kwa siku chache. Wanachoogopa ni mtu aliyesema anajua.

Kitonga_Usiku

Mama Kurasini nimekuelewa. Mimi mwenyewe sijawahi kufikiria mihuri ya pasipoti. Nina yangu mbili zimejaa ziko sandukuni, kesho natoa nakala.

Mbalizi_Road

Shikamoo Babu, nimekupata. Kurudi nyuma na tela nilifundishwa na marehemu dereva wangu wa kwanza, namshukuru.

Dada, nilikwenda Tunduma jana. Tajiri amenipokea vizuri, akasoma, akasaini na kugonga muhuri wa duka. Wakala wa forodha naye amekubali jina lake liwekwe. Yamebaki mambo mawili. Lugha hujanijibu. Na tajiri kwenye barua amekata 2018 kwa peni akaandika 2017, anasema ndivyo anavyokumbuka. Mihuri yangu ya kwanza ni Machi 2018. Niiache ilivyo?

Mama_Kurasini

Lugha: tangazo limeandikwa kwa lugha gani? Kama ni Kiswahili, andika Kiswahili bila wasiwasi, tunasoma vizuri zaidi. Kama ni la Kiingereza, mtu akusaidie kutafsiri ukurasa huohuo, sentensi fupi, na usibaki na neno ambalo ukiulizwa huwezi kulieleza. Majina ya magari, miji na mizani hayabadiliki, kwa hiyo kazi ni ndogo. Jumla iwe ukurasa mmoja, ukizidi sana mmoja na nusu, viambatanisho nyuma. Weka namba mbili za simu, yako na ya mtu wa nyumbani anayepokea, maana tukikupigia ukiwa udeiwaka porini usipopatikana tunaenda kwa anayefuata. Ukituma kwa simu, tuma PDF yenye jina lako. Picha za karatasi zilizopigwa kitandani hatuzioni vizuri, na zikichapwa zinatoka nyeusi.

Barua ya tajiri usiitume hivyo. Barua iliyokatwa kwa peni juu ya mwaka, mtu wa kwanza atakayeiona atadhani wewe ndiye uliyekata. Mwonyeshe ile mihuri ya Machi 2018, atakumbuka, halafu aandike upya na asaini upya. Kama hawezi kuja kwenye kompyuta, aandike kwa mkono wake kwenye karatasi safi, mimi naipokea. CV, barua na pasipoti zote zitaje mwezi uleule. Ukishaipata, bandika hapa ukurasa wa kwanza bila namba za simu, niupitie kabla hujaufunga kwenye bahasha.